Tochi zinazoficha wekundu wa damu

Tochi ninayoiweka mfukoni mwa sare yangu ina mwanga mdogo kuliko ya mlinzi wetu, na mdogo kuliko ya kijana wa bodaboda anayetuletea kinamama usiku wa manane. Wenzangu hunishangaa. Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati moja ya milimani, wilaya ya Lushoto, huku ambako ukungu hushuka kabla ya magharibi na umeme hukatika mvua ikianza kunyesha. Kwa kazi kama hii, wanasema, nilipaswa kubeba tochi kali kupita zote. Nimekataa, na sababu zangu nataka zimfikie kila anayenunua tochi, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga wodi ya wazazi.

Ukienda Kariakoo kuulizia tochi utatajiwa namba moja tu: lumeni. "Karibu mama, hii lumeni elfu tano. Hii hapa laki moja, inamulika mpaka Kigamboni." Vijana wanasoma kilichoandikwa kwenye boksi, siwalaumu. Lakini hesabu yake kila mnunuzi anaweza kuifanya. LED nzuri ndani ya tochi hutoa takribani lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja ya umeme. Lumeni laki moja, basi, zingetaka wati 700 hadi 1,000, umeme wa kupasha pasi ya nguo. Betri moja ya 18650, ile ya duara ambayo mafundi huitoa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, ikiwa mpya na nzuri inahifadhi kama wati-saa 12. Kwa mzigo wa wati 1,000 ingekwisha chini ya dakika moja, na haiwezi kubeba mzigo huo bila kuharibika. Tochi ya kweli ya betri moja ya aina hiyo hutoa lumeni elfu moja au mbili kwa muda mfupi, kisha joto huilazimisha kupunguza. Anayekuuzia laki moja aliuziwa uongo, naye amekupitishia.

Uongo huo unagundulika kirahisi. Kinachonisumbua mimi ni lumeni za kweli.

Lumeni hupima mwanga kwa kadiri jicho la binadamu linavyouhisi, na vipimo vya jicho hilo viliwekwa na Tume ya Kimataifa ya Nuru, CIE, mwaka 1924. Jicho letu la mchana huhisi zaidi kijani kinachoelekea njano, nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 555. Wekundu uliokolea tunauhisi kwa udhaifu mkubwa. Kwa hiyo kiwanda kinachogeuza umeme kuwa nuru ya kijani na njano kinapata lumeni nyingi kwa kila wati. Kikigeuza umeme uleule kuwa wekundu, kinapata chache. Mwenye kiwanda anayeshindania namba kubwa kwenye boksi ana kila sababu ya kuuacha wekundu nje, na wengi wanauacha. Namba unayoitafuta dukani ndiyo inayowalipa wakupunguzie rangi.

Inawezekanaje kuuacha wekundu nje ya taa nyeupe? Ukiitazama tochi ikiwa imezimwa utaona katikati ya kioo chembe ndogo ya njano. Hiyo ndiyo chipu ya LED. Chini ya unjano huo kuna kipande kinachotoa mwanga wa bluu, wa nanomita kama 450. Kuipata bluu hiyo ilikuwa kazi ngumu kiasi kwamba wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa sababu yake. Unga wa njano uliopakwa juu hunywa sehemu ya bluu na kuitoa tena ikiwa njano. Bluu iliyobaki ikichanganyika na njano hiyo, jicho linaona nyeupe. Ni nyeupe ya mchanganyiko wa bluu na njano, na wekundu ndani yake ni kidogo mno. Kiwanda kinachotaka kuuweka kinaongeza unga mwingine unaotoa nuru nyekundu, na hapo lumeni zinashuka.

Sasa njoo nami leba. Umeme umekatika, sola imekwisha nguvu kwa sababu ya siku mbili za mawingu, mama yuko kitandani. Ninachotegemea ni macho yangu, na karibu kila ninachokitazama ni rangi. Damu inayotoka ni nyekundu ya kung'aa au ni nyeusi nyeusi? Maji ya uzazi ni meupe, au yana ukijani wa choo cha kwanza cha mtoto? Mtoto akishatoka, ulimi wake una rangi ya waridi au ya zambarau? Kope la chini la mama nikilifunua, ndani kuna wekundu au pamepauka? Viganja vyake vikoje? Ngozi zetu nyeusi hazitoi ishara kwa urahisi. Ishara ziko kwenye fizi, ulimi, viganja, nyayo, ndani ya kope, na zote zinahitaji mwanga wenye wekundu. Damu ukiimulika kwa LED isiyo na wekundu inageuka hudhurungi, kama imekaa shukani tangu jana. Wekundu usiokuwemo kwenye taa hauwezi kurudi kutoka kwenye damu.

Usiku mmoja mwenzangu alinimulikia kwa simu, taa yake ya bluu bluu ya kawaida, akanionyesha pedi: "Dada, maji ya kijani haya." Ukijani kwenye maji ya uzazi ni jambo la kuanza kujiandaa kwa rufaa, na rufaa kwetu maana yake ni barabara ya kona na utelezi mpaka hospitali. Niliwasha tochi yangu. Maji yalikuwa safi. Tuliendelea kupima mapigo ya moyo wa mtoto kama kawaida, maana rangi ni ishara moja kati ya nyingi, na mtoto alizaliwa analia. Mwenzangu alikuwa na macho mazuri kuliko yangu. Taa yake ndiyo ilikuwa mbaya.

Wasimamizi wa hospitali katika nchi nyingine wamelishughulikia jambo hili kwa maandishi. Australia na New Zealand wana kanuni ya pamoja ya taa za hospitali, nayo ina kipimo maalumu cha kuangalia kama taa inamwezesha mhudumu kuona mgonjwa anapogeuka bluu kwa kukosa oksijeni. Taa inayokubalika lazima iwe na joto la rangi kati ya kelvini 3,300 na 5,300, na kosa lake kwenye kipimo hicho lisizidi 3.3. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya taa za darini. Mimi naichukua kama mwongozo wa tochi yangu, kwa sababu usiku umeme ukikatika tochi ndiyo taa yangu ya darini.

Hizo kelvini zinaeleza kama mwanga unaelekea njano au bluu. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya zamani ya waya kama 2,700, jua la mchana kama 5,500, na tochi nyingi za bei rahisi hupita 6,500. Wapo wanaosema turudi kwenye mwanga wa njano wa balbu ya waya, kwa kuwa ulikuwa na rangi zote. Ni kweli, balbu ile na hata chemli za bibi zetu hazikuficha wekundu. Zilificha manjano. Mtoto mchanga mwenye umanjano ukimtazama kwa mwanga wa njano, shuka ni njano, ukuta njano, mtoto njano, huoni tofauti. Ndiyo maana nakaa katikati, kelvini 4,000 hadi 5,000. Hata hivyo kwa umanjano siamini tochi yoyote. Mtoto ninayemtilia shaka namtazama tena dirishani asubuhi, na nikiona dalili namwandikia kipimo cha damu.

Kipimo cha uaminifu wa rangi kinaitwa CRI. Jua na balbu ya waya hupata karibu 100. Tochi nyingi za kawaida ziko karibu na 70. Ninachotafuta mimi ni 90 au zaidi. Hapa pana mtego ambao wauzaji wachache wanaujua: CRI ni wastani wa rangi nane hafifu, na wekundu uliokolea haumo katika nane hizo. Una namba yake ya pembeni, R9. Taa inaweza kuandikwa CRI 80 huku R9 yake ikiwa sifuri, au hata chini ya sifuri. Kwa mkunga, R9 ndiyo namba ya kwanza. Ukiipata 50 na zaidi umepata taa ya kazi. 80 na zaidi ni bora kabisa.

Mdogo wangu ni fundi wa simu Tanga mjini, na ndiye aliyenifungulia dunia ya chipu. Aliniagizia kutoka China tochi za Convoy S2+, za chuma, zinazotumia betri moja ya 18650, ambazo mnunuzi huchagua mwenyewe chipu anayotaka. Nyingine alizifungua na kuzilehemu upya mezani kwake. "Dada, jaribu zote, uniambie," alisema, na nilizijaribu kazini, moja baada ya nyingine, kwa zamu nyingi za usiku.

Niliyobaki nayo ni Nichia 519A ya kelvini 4,500, inayotoka Japani. Wekundu wake umejaa, na nyeupe yake haina ukijani. Nikimulika kiganja changu naona kiganja changu, na mshono ninaouona usiku ndio nitakaouona asubuhi. Samsung LH351D ya kelvini 5,000 nayo ina CRI ya 90, na uso wake mkubwa unatawanya mwanga vizuri kwa kazi ya karibu. Ila hiyo niliyo nayo, ukiipunguza mwanga, inaingiza ukijani kidogo, na nimekwisha kueleza kwa nini ukijani ndio ninaouogopa kuliko yote. Nimempa mfamasia wetu, anasomea nayo maandishi madogo ya vidonge na anaifurahia. Luminus SST-20 ya kelvini 4,000 ina wekundu mzuri sana, CRI yake 95, lakini mwanga wake unajikusanya katikati zaidi, na kwa kumkagua mama ninataka mwanga uliotanda. Ningekosa 519A, ningeichukua hiyo bila manung'uniko.

Ipo pia Osram W1, ambayo uso wake wa kutoa mwanga ni milimita moja ya mraba tu na haina ile kuba ndogo ya silikoni juu. Udogo huo unauwezesha mwanga kukusanywa kuwa mshale. Kwa kanuni za upimaji wa tochi za Marekani, ANSI FL1, tochi yenye kandela 10,000 inahesabiwa kufika mita 200, yaani umbali ambao mwanga wake unabaki na nguvu ya mbalamwezi kamili, na chipu ya aina hii inapita hapo kirahisi hata katika tochi ya mfukoni. Hiyo ndiyo tochi ya mlinzi wetu, na inamfaa. Anataka kujua nani yuko kule kwenye kona ya uzio, hana haja ya kujua shati lake ni jekundu au la kahawia. Lakini hata yeye usiku wa ukungu anaizima na kuniazima yangu, kwa sababu mshale ule unagonga ukungu na kumrudia machoni. Ninaposema mtu achague chipu kwa kazi yake, simaanishi kila mtu abebe ya mkunga. Ninasema walinzi ni wachache kuliko sisi wengine, na maduka yanatuuzia wote tochi ya mlinzi.

Mtu akiniambia kwamba CRI kubwa inapoteza mwanga, nakubali. Kwa umeme uleule, chipu ya CRI 90 hutoa pungufu ya robo hivi, wakati mwingine zaidi, ukilinganisha na ndugu yake wa CRI 70. Lakini jicho halihesabu kama kifaa cha maabara. Mwanga ukipungua kwa robo, ni vigumu hata kugundua bila kuziweka tochi mbili pamoja ukutani. Rangi ikikosekana, huwezi kuirudisha hata ukiongeza mwanga mara kumi. Tena leba mwanga mkali ni adui. Mtoto aliyetoka gizani dakika hii hapaswi kupigwa tochi ya macho, na mama anayeshonwa hahitaji mng'ao unaorudi kutoka kwenye chuma cha vifaa na kumpofusha anayeshona. Kazi yangu kubwa naifanya kwa lumeni mia moja au mia mbili. Kupima mboni za macho ya mgonjwa natumia chini ya hapo kabisa, kwa hiyo tochi isiyo na daraja hafifu la mwanga siipokei hata ikiwa na chipu ya dhahabu.

Bei nayo haizuii kitu. Chipu nzuri yenyewe ni dola chache tu, na tochi nyingi za bati zinazokufa baada ya msimu mmoja, ukizijumlisha, zimekula zaidi ya hapo.

Na haya si ya wauguzi peke yao. Fundi umeme aliye darini usiku anatenganisha waya wa kahawia na mwekundu wa nyaya za zamani. Kwa taa isiyo na wekundu, hizo mbili zinafanana. Fundi wa simu anasoma mistari ya rangi kwenye rezista. Mama anayekagua nyama au mchicha sokoni giza likiingia, mfugaji anayetazama fizi za ng'ombe wake, mzazi anayeangalia kama kidonda cha mwanawe kimeanza kuwa chekundu pembeni: wote wanatazama rangi, na wengi wanatumia tochi ya simu au tochi ya shilingi elfu chache wakiamini kwamba kinachoonekana ndicho kilichopo.

Dukani usipoona CRI kwenye boksi, jipimie mwenyewe. Karatasi nyeupe haitakusaidia, kwa sababu karibu kila taa inaifanya ionekane nyeupe baada ya muda mfupi. Tumia mkono wako. Simama mlangoni penye mwanga wa mchana, tazama kiganja, bonyeza ukucha uachie, uone damu inavyorudi. Kisha ingia ndani penye kiza urudie kwa tochi. Kiganja kikigeuka kijivu, au wekundu wa chini ya ukucha ukipotea, irudishe. Kama umevaa kanga au shati lenye nyekundu na kahawia, ni bora zaidi. Zimulike zote mbili uone kama zimebaki rangi mbili. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kuhusu betri nitasema machache. Ukiishi mjini, 18650 ya kuchaji inatosha. Ukiishi kijijini kama mimi, tafuta pia ndogo inayokubali betri za rimoti, zile za AA, kwa sababu hizo hazikosekani duka lolote hata pale wiki nzima haina jua la kuchajia. Sofirn SP10 Pro ni mfano mmoja: inapokea AA ya kawaida na ya kuchaji, na chipu yake ni ile LH351D ya CRI 90. Ninayo ya akiba kwenye begi.

Ninaliomba Shirika la Viwango Tanzania lifikirie kuwataka waingizaji wa tochi waandike kwenye boksi mambo matatu: lumeni zilizopimwa kweli, kelvini, na CRI pamoja na R9 yake. Ninawaomba wanaoandika orodha za vifaa vya zahanati na vituo vya afya, kila wanapoandika neno "tochi", waongeze maneno haya: CRI 90 au zaidi, kelvini 4,000 hadi 5,000. Ni mstari mmoja wa wino. Na wewe msomaji mwenye dada, shangazi au binti anayefanya kazi ya uuguzi huko ambako umeme hauaminiki, ukitaka kumpelekea zawadi safari ijayo, acha kumuulizia muuzaji lumeni. Mwambie unataka tochi inayoonyesha nyekundu ikiwa nyekundu, na usitoe hela mpaka umeipima kwa kiganja chako.